Naomba ushauri: mwenyekiti amekubali kura ya turufu mahali isipofaa

Hamjambo wenzangu. Jumamosi tulikuwa na mazoezi ya mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, nami nikiwakilisha Kenya kwenye Baraza la Usalama. Niliomba kikao kisimame dakika 10 tushauriane pembeni. Kura 11 zikaniunga mkono. Mara Urusi akainua kibao chake, eti anapiga turufu, ile kura ya mwanachama wa kudumu inayozuia uamuzi! Mwenyekiti akakubali, hoja ikafa.

Nimesoma Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Mambo ya utaratibu, kama kusimamisha kikao, yanapita kwa kura 9 kati ya 15, za mwanachama yeyote. Turufu ni ya mambo ya msingi, kama azimio lenyewe. Shida ni kwamba kijitabu chetu cha kanuni kimenyamaza kuhusu hilo. (Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko hapa hapa Gigiri, na bado tunapapasa!)

Tena mwenyekiti ni wa mwaka wa nne, mimi wa kwanza. Mliowahi kuongoza vikao, ikitokea tena niinue hoja ya utaratibu, yaani nimkumbushe kanuni mbele ya wote, au nimpelekee kijikaratasi kimya kimya? Mkutano wenyewe ni wiki ijayo.