Mrejesho: bunduki ya .300 Savage nimeipata

Wakuu, habarini. Niliwauliza wapi hapa Michigan naweza kupata bunduki ya kuwindia inayotumia risasi ya .300 Savage, ile iliyotoka 1920 kisha ikafunikwa na risasi nyingine, .308 Winchester ya 1952. Nimepata bunduki ya modeli ya Savage 99 iliyotumika. Ubavuni ina kidirisha kidogo, na namba ya risasi zilizomo inageuka kila risasi inapoingia. Naipenda mno! Kabla sijalipa nilimwomba fundi bunduki apime chemba (sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) na achungulie mtutu kama umeliwa na kutu. Uko safi kabisa. Kazi ipo kwenye risasi: ni adimu na bei imechangamka, kwa hiyo maganda yote naokota yakajazwe upya. Aliyenishauri nitafute ya zamani, asante sana mkuu.