Picha ya joto na sindano za Kichina, au nianzie hospitali ya kawaida? (Guangzhou)

mzigo_wa_jumatano: Wakuu, habari zenu. Nipo Xiaobei na bi mkubwa, Jumatano tunarudi Dar. Nimepata sehemu mbili: hospitali ya tiba ya Kichina, wanapiga picha ya joto mwili mzima halafu sindano na moksa (majani makavu yanayochomwa karibu na ngozi) siku nne, na kliniki ya Mkorea mmoja, picha na sindano tu, nusu bei. Ipi bora? Naomba waliopita huko, si wa kusimuliwa.

Dada Rehema: Bora kwa ugonjwa gani? Hujasema anaumwa nini, ana umri gani, ana sukari au hana. Tupige ramli?

fundi_nyaya: Mimi natumia kamera hizo kukagulia paneli za umeme. Zinasoma joto linalotoka kwenye ngozi basi, si eksirei. Uliza chumba kina nyuzi ngapi (20 hadi 24 hivi) na mgonjwa anakaa bila nguo dakika ngapi kabla ya picha. Chini ya 15 achana nao. Na rangi ni za kupanga: nikibana kipimo kiishie nyuzi 32, mzima wa afya ataonekana anaungua.

Kontena40: Yalinikuta hayo. Nilitoka sokoni jua kali, begi mgongoni, nikaingia moja kwa moja, wakasema vua shati. Picha ikatoka na mistari miwili myekundu toka mabegani hadi mbavuni. Yule bwana akaigonga kwa kalamu: "Joto la ini." Nikauziwa pakiti kumi za mizizi ya kuchemsha, chungu kama shubiri. Wiki ya pili nikafika asubuhi, nikakaa foleni nusu saa bila begi. Mistari haipo! Akasema dawa imefanya kazi. Kaka, nilikuwa nimekunywa pakiti moja tu. Ini langu lilikuwa mikanda ya begi.

Mwana wa Unguja: Mnahangaika na mapicha. Piga chuku, damu chafu itoke. Bibi zetu walijua maradhi ya baridi na ya moto bila kamera.

mwanafunzi_GZ: Ndipo watu wanapochanganya. Baridi ya daktari wa Kichina si ya selsiasi. Anatazama ulimi, anashika mapigo mikono yote miwili, anauliza choo na usingizi. Mtu anaweza kuhesabiwa ana joto huku miguu ni barafu. Kamera inafaa kulinganisha kushoto na kulia kwa mtu yuleyule, si kusoma ini.

mzigo_wa_jumatano: Samahani dada. Miaka 61, sukari mwaka wa tisa. Mguu wa kushoto baridi na una ganzi. Akitembea kidogo shavu la mguu linabana, akisimama linaachia.

Dada Rehema: Hilo ndilo la kuanza nalo! Mguu mmoja baridi, unabana akitembea: hiyo huenda ni mishipa ya damu. Apimwe presha ya kifundo cha mguu ilinganishwe na ya mkono. Ya mguu ukigawa kwa ya mkono ikitoka chini ya 0.9 kuna tatizo. Mwenye sukari mishipa hukakamaa na kipimo kikadanganya, kwa hiyo omba na ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita. Moksa usiiguse. Mwenye ganzi anaungua bila kujua, na kidonda cha mguu wa sukari unakijua.

Mwana wa Unguja: Chuku haina moto.

Dada Rehema: Ina wembe, kaka.

Kontena40: Hivi moksa si pakanga ile?

mwanafunzi_GZ: Ni jamii yake. Aina moja ya pakanga, Artemisia annua, ndiyo iliyotoa artemisinini, dawa ya malaria. Mwanasayansi wa Kichina aliyeigundua, Tu Youyou, akapata Nobeli 2015.

Kontena40: Kumbe, na kule tunainywa chai tu.

mzigo_wa_jumatano: Ya Doppler nitauliza kesho, ila wa Mkorea nimeshamlipa kianzio. Bi mkubwa kasikia habari za pakanga, anataka kujua kama uwanja wa ndege wanaruhusu mbegu.

fundi_nyaya: Mbegu ngapi?