Yule fundi kajifutia mikono kwenye shati langu. Shati nililovaa!

Lori_Kongwe:
Wakuu, naandika bado nanuka dizeli, mnivumilie. Simtaji jina, mnamjua. Ni yule ambaye hajafungua hata boneti, tayari anatingisha kichwa kama kaitwa kutambua maiti.

Kalori kangu ka dizeli ni ka zamani, hakana kompyuta hata moja. Wiki iliyopita yeye mwenyewe, kwa mikono yake hiyo hiyo (mikono hiyo tutairudia), alibadilisha filta. Tangu siku hiyo kila asubuhi gari linawaka sekunde chache, linakohoa, linazima. Ukipiga stata tena linazunguka tu, hata moshi hautoki. Kuku wangu wanajua hiyo ni hewa imeingia kwenye njia ya dizeli.

Kaja. Kapiga stata mpaka betri ikaomba kustaafu. Stata unaipa sekunde kumi na kitu, unaiacha ipoe. Yeye kashikilia ufunguo kama anauogopa utakimbia.

Halafu akashuka, akanijia taratibu, akaniwekea mkono begani. "Pole mzee wangu. Nozeli zimekufa, pampu nayo imekufa. Gari limechoka." Wakuu, niliguswa. Mkono unapanda, unashuka, unapanda, unashuka. Nikasema kumbe huyu mtu ana utu. Kageuza na upande wa pili wa kiganja, nikazidi kuguswa. Alipoondoka ndiyo nikaangalia bega: vidole vitano vya grisi, mbele na nyuma. ALIKUWA ANAJIFUTA!

Dogo utingo akauliza kwa adabu tu, "Bosi, kwani amepiga pampu ya mkono?" HAJAPIGA. Ipo pale juu ya filta, imekaa kama kitovu. Dogo kalegeza skrubu ya kutolea hewa, kapiga pampu: likatoka povu, kama la sabuni. Kapiga mpaka ikaja dizeli tupu, kakaza huku bado kaikandamiza pampu. Akachukua spana ya 17, ile yenye mkia mwekundu, akalegeza nati za mirija ya nozeli moja moja, mimi napiga stata kidogo kidogo. Mapovu yakiisha anakaza, anahamia inayofuata. Ya tatu tu, injini ikashika.

Na chanzo? Kafungua filta, kakuta mpira wa kuziba wa zamani umeganda kule juu na mpya umefungwa chini yake. Mipira MIWILI. Na mimi nikaambiwa pole!

Tena kwa sauti ya upole. Shati lilikuwa jeupe.

Mtoa_Moshi:
Nimesoma yote nikisubiri mahali alipokuibia. Kumbe kesi ni shati.

Gia_ya_Tano:
Hahaha "kageuza na upande wa pili wa kiganja". Mkuu, hapo ulitakiwa ushtuke.

Bibi_Turubai:
Mleta uzi una gari la dizeli la zamani na hujui pampu ya mkono ilipo mpaka mtoto akuonyeshe? Hata mimi ningejifuta.

Lori_Kongwe:
Nilikuwa najua ilipo! Nilikuwa nimeshikwa BEGA!

Nozeli_Nne:
Mimi lakini sielewi. Kama mpira ulikaa vibaya, mbona hukuona dizeli inavuja?

Babu_wa_Pampu:
Kwa sababu gari kama lake filta iko upande wa kuvuta, mjukuu wangu. Dizeli inanyonywa kutoka tangini, haisukumwi. Penye ufa haitoki dizeli, inaingia hewa. Ndiyo maana watu wanatafuta tone chini ya gari mwaka mzima. Na hewa inabanika. Nozeli inataka presha ya baa zaidi ya 100 ndipo ifunguke ipulize dizeli kwenye injini, sasa pampu ikisukuma povu, inasukuma godoro. Ukitaka kumkamata mwizi, funga kipande cha bomba angavu kabla ya pampu ya dizeli, uangalie mapovu yanapita au hayapiti. Bomba la kutoka tangini likiwa na ufa, utayaona. Klipu ikilegea, utayaona.

Na wale wa magari mapya msiende kulegeza nati za nozeli kwa kusoma uzi huu. Kule presha inapita baa 1,000, inatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini.

Gia_ya_Tano:
Shikamoo babu. Sasa grisi kwenye shati jeupe inatokaje?

Babu_wa_Pampu:
Haitoki.

Mtoa_Moshi:
Huyo fundi mnamwonea. Mimi wangu alikaza bolti ya mrija akiwa anaongea na simu, kanirudishia washa za kopa (vile vipete vya kuziba) zilizokwisha bapa. Nikaenda safari, gari likazima mlimani, nikalala mle ndani na mbuzi sita. Shati? Nilitamani kuwa na tatizo la shati.

Petroli_Daima:
Ndiyo maana mimi sinunui dizeli. Mnapampu gari kama jiko la mafuta ya taa.

Bibi_Turubai:
Petroli kaa kimya. Tukutane mlimani na tani tatu mgongoni.

Petroli_Daima:
Tukutane, kama litawaka.

Nati_Kavu:
Samahanini, narudi nyuma kidogo. Mleta uzi, umesema spana ya 17 yenye mkia mwekundu?

Lori_Kongwe:
Ndiyo mkuu, ila tusitoke kwenye mada. Mkono ulikuwa unapanda na kushuka...

Nati_Kavu:
Rangi imechubuka upande mmoja?

Gia_ya_Tano:
Uwiiii.

Nati_Kavu:
Spana yangu iliazimwa na utingo fulani "dakika tano tu". Huu ni mwezi wa nane. Nimekaza nati kwa koleo miezi minane, nimezila kona zote.

Mtoa_Moshi:
Nami naulizia jeki, wakati tupo hapa hapa.

Bibi_Turubai:
Na mimi turubai. Mleta uzi, piga picha boksi lote tuone.

Lori_Kongwe:
Wakuu, uzi unahusu shati.

Nati_Kavu:
Shati utafua. Mkia mwekundu, umechubuka au haujachubuka?

Lori_Kongwe:
Simu inaishiwa chaji, nitarudi.