Korosho zilizochacha ndani ya Mtwara, mchele usio na harufu: kwa nini mnunuzi hapewi nafasi ya kuonja?

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote, hasa mlioko Mtwara Mjini, Mikindani na kwa jirani zetu wa Lindi.

Ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku tatu hazijatosha kuipoza. Wiki iliyopita tulipata ugeni. Shangazi yake mume wangu alisafiri kutoka Tanga, akalala Dar es Salaam njiani kwa sababu ya umri wake, akaja kumwona mtoto wetu wa kwanza. Kabla hajaondoka kwao alitupigia simu kutuambia kwamba hataki tumwandalie kitu chochote isipokuwa korosho za Mtwara, kwa kuwa za huko hununua kwa bei kubwa bila kujua zimetoka wapi wala zimekaa kwa muda gani. Mimi nimezaliwa Newala na nimekulia chini ya mikorosho. Nililipokea ombi lile kwa furaha ya mtu anayeombwa kitu kilicho mlangoni mwake.

Akiba yetu ya nyumbani ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa nne, hivyo nikaenda dukani hapa mjini. Nilikuta pakiti za nusu kilo, za plastiki angavu, zimetundikwa kwenye misumari mbele ya mlango, mahali ambapo jua la mchana hupiga moja kwa moja. Pakiti hazikuwa na tarehe wala jina la aliyezifunga. Niliomba nionje punje moja. Muuzaji akaniambia kwamba pakiti haifunguliwi mpaka ilipiwe, kisha akaongeza, "Usiwe na wasiwasi, dada, hizi ni za msimu mpya, zimeingia juzi tu."

Hapo ndipo nilipopaswa kugeuka na kuondoka, kwa sababu tuko mwezi wa nane. Mwezi wa nane mikorosho inatoa maua, na wakulima wako mashambani wanapuliza salfa kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaoshika maua na majani. Korosho zenyewe tunaanza kuziuza kuelekea Oktoba. Mtu anayesimama katika mji huu na kumwambia mzaliwa wa Newala kwamba ana korosho za msimu mpya mwezi wa nane ana dharau isiyo na kificho, na ninajilaumu kwa kuwa niliisikia dharau hiyo kwa masikio yangu na bado nikatoa pesa, kwa kuwa mgeni alikuwa njiani na giza lilikuwa linaingia. Nilichukua pakiti mbili.

Usiku ule nilizimimina kwenye kisahani na kumkaribisha shangazi. Alichukua moja, akauma nusu yake, akanyamaza. Ile nusu iliyobaki akaiweka taratibu ukingoni mwa kisahani, upande wa mbali na mimi, akaifunika kwa ncha ya kidole ili nisiione. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya upole sana, "Mwanangu, hizi zimetoka wapi?" Nikamjibu, "Hapa hapa Mtwara, shangazi." Sikumbuki siku nyingine ambayo nimelitamka jina la mkoa huu kwa aibu kama usiku ule.

Nilizionja mwenyewe jikoni. Kwa nje rangi ilikuwa nzuri, lakini nilipouma punje haikuvunjika kwa mlio, bali ilikunjika mdomoni kama nta. Kisha ukaja uchungu kwenye shina la ulimi, pamoja na harufu ya rangi ya mafuta, ile inayopakwa milangoni. Chumvi nayo ilikuwa imegandia juu kwa wingi usio wa kawaida, na kwa maoni yangu zilikuwa zimekaangwa mara ya pili ili chumvi ifunike ule uvundo.

Hakuna fumbo katika jambo hili. Zaidi ya asilimia 40 ya uzito wa punje ya korosho ni mafuta. Ikiwa ndani ya ganda lake na imekaushwa vizuri, hukaa miezi mingi bila kuharibika, na ndiyo sababu bibi zetu walihifadhi korosho na maganda yake wakabangua kiasi cha kula siku hiyo. Ikishabanguliwa na kukaangwa, hewa, mwanga na joto huanza kuyachachisha yale mafuta. Kuitundika juani katika plastiki inayopitisha mwanga ni kuiharibu ukiwa unaitazama, na mfanyabiashara wa korosho wa Mtwara hawezi kuniambia kwamba halijui hilo.

Kinachonichoma kuliko yote ni hiki. Korosho ghafi ya mkulima wa Newala au Tandahimba inapofikishwa ghalani, katika huu mfumo wa stakabadhi ghalani ambao tumekuwa nao tangu mwaka 2007, ambapo mkulima hukabidhi mzigo ghalani na kupewa stakabadhi kabla haujauzwa mnadani, haipokelewi kwa maneno matupu. Sampuli huchotwa, unyevu hupimwa, korosho hukatwa katikati mbele ya macho ya watu, zilizooza na zilizosinyaa hutengwa, na matokeo hayo ndiyo yanayoamua kama mzigo ni wa daraja la kwanza au la pili. Mnunuzi atakayeipeleka India au Vietnam anakijua kilichomo ndani ya ganda kabla hajatoa pesa yake, na sehemu kubwa ya korosho za nchi hii huondoka hivyo hivyo, zikiwa ghafi. Mkulima akileta mzigo mbaya, hurudishwa nao nyumbani. Sasa mimi, mtoto wa huyo mkulima, nikiwa na pesa taslimu mkononi, naambiwa kwamba punje moja ya kuonja haiwezekani. Ni nani aliyeamua kwamba mnunuzi wa mbali anastahili kukatiwa korosho aione, na mnunuzi wa hapa anastahili kufungiwa macho?

Mchele nao ulinitia aibu siku ya pili. Katika duka jingine niliuziwa kilo 5 nikiambiwa kuwa ni Supa ya Kyela, yaani mchele wenye harufu nzuri kutoka Kyela, mkoani Mbeya. Siku hizi karibu kila gunia la mchele mzuri ninaloonyeshwa katika mji huu hupewa jina la Kyela, kana kwamba wilaya moja inalisha pwani nzima. Mnaomfahamu mtu wa Tanga mnajua kwamba humwekei wali wa nazi mezani kwa kubahatisha. Nilikuna nazi mbili, nikatenga tui zito na tui jepesi, nikapika, nikapalia makaa juu ya mfuniko. Nilipofunua, harufu iliyopanda ilikuwa ya nazi peke yake. Punje nyingine zilikuwa zimevurugika kama bokoboko, na nyingine katika sufuria hiyo hiyo zilikuwa na kiini kigumu. Hiyo ni dalili ya mchele wa misimu miwili, au wa mbegu mbili, uliochanganywa katika gunia moja, kwa kuwa mchele mpya hutaka maji kidogo na hulainika haraka, ilhali wa zamani hunywa maji mengi na huchelewa.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Siudharau mchele wa zamani, kwa sababu kwa pilau ndio ninaoupenda, maana haushikani. Wala siidharau SARO 5, mbegu yenye mavuno mengi kuliko Supa na yenye harufu yake ya wastani. Ninachodai ni kila mchele uuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Harufu ya Supa hufifia kadiri mchele unavyokaa ghalani, hivyo hata jina likiwa la kweli bado nina haki ya kunusa. Chukua konzi ya mchele, ufumbate, uupulizie pumzi ya moto kisha unuse mara moja. Wenye harufu utajitambulisha wenyewe. Halafu weka punje mbili tatu kati ya meno. Mchele uliokauka sawasawa hukatika kwa mlio, na ule ambao bado una unyevu hubonyea. Nilijua yote haya na sikuyafanya, kwa kuwa gunia lilikuwa nyuma ya meza na muuzaji mwenyewe ndiye aliyekuwa akichota.

Nazi zilikuwa nzuri, na ninataka niseme kwa nini. Mama anayeniuzia nazi sokoni huniachia nizitikise moja baada ya nyingine nisikilize maji, nitazame macho yake kama yana ukungu, na ile ninayoitilia shaka huivunja yeye mwenyewe papo hapo; ikiwa mbovu anaitupa na hanidai kitu. Wavuvi pale Feri hufanya vivyo hivyo. Ukitaka kufunua mashavu ya samaki aina ya changu uone kama bado ni mekundu, hakuna anayekukemea. Kwa hiyo desturi ya kumruhusu mnunuzi ahakikishe tunayo hapa hapa, kwa watu wenye mtaji mdogo kabisa, ambao nazi moja iliyovunjwa bure ni sehemu ya chakula chao cha jioni. Wenye maduka makubwa, mizani ya kisasa na pakiti zinazong'aa ndio wanaotunyima.

Najua watakuja wa kuniambia kwamba ningehamia duka lingine na kuacha kelele. Nimehama tayari, lakini huyo muuzaji bado yuko pale, na watalii na wasafiri wanaopita stendi wananunua zile pakiti na kuzipeleka makwao, wakidhani kwamba hiyo ndiyo ladha ya korosho ya kusini. Hasara hiyo ni ya mkulima wa Newala, ambaye aliikausha vizuri na kuikabidhi ikiwa daraja la kwanza.

Kwa wenye maduka mnaosoma hapa, ninayoyataka hayana gharama kubwa. Fungueni pakiti moja kwa siku kwa ajili ya kuonjesha, kisha yaliyosalia mle wenyewe au muwape wateja. Andikeni kwenye pakiti siku korosho zilipokaangwa, hata kwa kalamu ya wino. Ziondoeni mlangoni, ziwekwe ndani kwenye kivuli, katika chombo kinachofunga vizuri. Na mkiulizwa msimu wake, semeni ukweli, kwa sababu korosho ya mwaka jana iliyotunzwa ndani ya ganda na kubanguliwa wiki hii ni tamu, na nitainunua kwa bei yako bila kubishana.

Sasa naomba msaada wenu. Shangazi anaondoka Alhamisi alfajiri, na sitaki apande basi akiwa na ile ladha mdomoni. Natafuta akina mama wabanguaji, iwe Mikindani, Chikongola au hata Nanyamba, wenye korosho bado katika maganda, ambao watakubali kunibangulia kilo 3 Jumatano nikiwa nimekaa hapo hapo, nionje kabla hazijakaangwa na nionje tena zikishatoka jikoni. Nipo tayari kulipa nusu ya pesa leo. Anayewafahamu aandike hapa chini mtaa wanakopatikana.