Mchoro wa ukutani na watoto 24: rangi gani, kiasi gani?

Mwalimu_Tudor
Assalaam aleikum wanajamvi. Ukuta wa nje wa darasa, huku Tudor, Mombasa, una urefu wa mita 6 na kimo cha mita 2, plasta ya simiti. Watoto ni wa miaka 7 hadi 12, wanataka madau na samaki. Tatizo ni kule chini: rangi ya zamani inabanduka na kuna unga mweupe. Nipake juu yake tu?

FundiLikoni
Waaleikum salaam mwalimu. Usipake. Huo unga ni chumvi: maji yanapanda kutoka msingini, yanakauka juu na kuiacha hapo. Ukiifunika itaisukuma rangi mpaka itoke malengelenge. Wala usiuoshe, chumvi itayeyuka irudi ndani. Ukwangue ukuta ukiwa mkavu, kwa brashi ya waya, siku ambayo watoto hawapo, na uvae barakoa. (Ikiwa iliyokuwepo ni rangi ya mafuta ya miaka mingi, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu; hiyo usiikwangue wala usiipige msasa ikiwa kavu.)

Kisha pima unyevu. Bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50, tepu pande zote nne, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ukutani, hapo bado.

Mimi ningeacha sentimita 50 za chini nje ya mchoro, zipakwe chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, na kila mwaka unarudia kwa pesa kidogo. Zinabaki mita 6 kwa 1.5, yaani mita 9 za mraba. Mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji, ya nje, galoni moja ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuchanganyia. Ongeza lita moja moja ya buluu, njano, nyekundu na nyeusi. Rangi ya mafuta achana nayo, haitoki mikononi kwa maji na sabuni.

BiSanaa
Chora kwanza kwenye karatasi ya sentimita 60 kwa 15, miraba ya sentimita 5. Ukutani kila mraba unakuwa sentimita 50. Tumia chaki, makaa yatachafua rangi nyepesi.

Lakini usimgawie kila mtoto mraba wake, mistari haitakutana. Gawa kwa rangi. Watoto sita kwa zamu, kila mmoja mita yake, dakika 30. Bahari na mbingu kwanza, kwa rola ndogo. Tanga za madau ziacheni nyeupe tangu mwanzo, kwani rangi nyepesi juu ya buluu itadai mikono mitatu. Mistari myeusi mwisho kabisa, wale wakubwa tu. Na kikopo kisizidi vidole viwili vya rangi: michirizi mingi hutoka kwenye brashi iliyozama hadi mpini.

Mwalimu_Tudor
Shukran. Ukuta watazama magharibi. Na vanishi je?

FundiLikoni
Basi pakeni asubuhi, jua likiwa upande wa pili. Ukuta wa moto hukausha rangi kabla haijashika. Msianze wakati wa masika. Vanishi usiweke: ukuta wenye unyevu ukiuziba, utabanduka na picha yake.