Naomba ushauri: FBP (kipimo cha damu cha kuhesabu chembe) inatosha kujua nimonia ya mtoto imeletwa na nini?

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa miaka 2 amelazwa na nimonia, kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. FBP imeonyesha chembe nyeupe 19,000, nyutrofili (aina mojawapo ya chembe hizo) ndiyo nyingi, na CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) iko juu. Daktari akasema ni bakteria, ameanzishiwa sindano za antibayotiki. Dawa sizipingi, naomba Mungu zimsaidie. Ila ninavyoelewa, hata virusi kama adenovirusi vinaweza kupandisha vipimo hivyo vyote viwili, na damu ikioteshwa maabara mara nyingi mdudu haonekani hata kama yupo.

Madaktari na wauguzi mliomo humu, niombe kipimo gani kingine? Na CRP ikirudiwa ikakutwa imeshuka, ni dawa imefanya kazi, au ingeshuka tu hata kama ni virusi?