Mitego ya waya: je, adhabu kali inatosha?

Mkazi wa Masindi: Ndugu zangu, ninaishi karibu na Hifadhi ya Murchison Falls, hapa Uganda. Juzi nilikuta kichakani tairi lililochomwa hadi nyaya zake zikabaki tupu, na nyaya hizo husokotwa kuwa matanzi ya kunasia swala, ingawa tanzi halichagui, kwani simba na twiga nao hukatwa miguu. Je, kifungo kitamzuia mtu anayetafuta kitoweo?

Mkazi wa Kisoro: Kifungo ni lazima, lakini peke yake hakitoshi. Mwaka 2020 Rafiki, gorila dume wa milimani aliyeongoza kundi la Nkuringo huku katika msitu wa Bwindi, aliuawa kwa mkuki na mtu aliyeingia msituni kuwinda wanyama wadogo. Mtu huyo alihukumiwa miaka 11, nasi bado tunamlilia Rafiki.

Mfugaji wa Kasese: Kwetu balaa ni sumu. Mwezi Aprili 2018 simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikufa kwa sumu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Ndugu yangu, ukimkuta ndama wako ameliwa nusu, mbavu zikiwa wazi, utaelewa hasira inavyoanza, japo siihalalishi hata kidogo. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka mpango wa fidia. Ilipwe mapema, kabla mfugaji hajaifikiria sumu.

Mkazi wa Masindi: Asanteni sana. Tairi nimewaonyesha askari wa hifadhi, na suala la fidia nitalifikisha kwenye kikao cha kijiji.